Kwa Nini Programu Zangu Zinaishia na Neno "Fukia"

Siku mliponiaga kazini kwa kustaafu, kati ya soda na hotuba, Rehema aliniuliza swali ambalo sikulijibu. Alitaka kujua kwa nini katika kila programu niliyowaachia, mwishoni kabisa, kuna mstari usiofanya kazi yoyote, na pembeni yake nimeandika neno moja: fukia. Alisema aliwahi kuufuta kwa majaribio na programu ikaenda vile vile. Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi. Pilau lilikuwa linapoa, na jibu lenyewe ni refu, na nilijua sauti yangu isingefika nalo mwisho.

Basi hili hapa. Vyeo vyangu na mishahara mtavikuta kwenye faili, kama panya wamewaachia kitu. Mimi nitaandika habari za lugha mbili, C++ na Java, na za watu wawili walionifundisha kazi. Mmoja alinifundisha kwa kitabu, mwingine kwa ubao wa misumari.

Nilianza Shinyanga mjini mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika ofisi moja ya mambo ya pamba. Niliajiriwa kupiga chapa. Siku ya kwanza mkuu wa ofisi alinionyesha kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kile cha kuwekea kwenye makochi, akaniambia, "Hii usiiguse mpaka aje Jayesh." Jayesh hakuja kwa wiki mbili. Kila asubuhi nilikuwa nakipangusa vumbi kile kitambaa, si mashine, na kwa heshima niliyokuwa nayo, nilibakiza kidogo tu kuiamkia.

Jayesh alipokuja nilikuta ni kijana wa rika langu, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni na mafuta ya mashine kwenye kucha. Baba yake alikuwa na duka la vipuri vya mashine za kuchambulia pamba, karibu na stesheni. Alizaliwa Shinyanga, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko Kiingereza cha mkuu wetu wa ofisi. Aliondoa kitambaa, akakikunja vizuri, akanikabidhi.

"Hiki peleka nyumbani," akasema. "Mashine ikifunikwa inapata joto. Unajua hesabu?"

"Najua."

"Basi kaa hapa. Wengine wote humu wanaiogopa."

Chumba cha nyuma cha duka lao ndicho kilikuwa chuo changu. Nilikwenda jioni nikitoka kazini, mlango ukiwa wazi na mama yake amekaa kaunta, hivyo watu hawakuwa na la kusema, ingawa walisema. Mikanda ya mashine ilining'inia ukutani juu yetu. Disketi alizihifadhi katika kopo la samli lenye mfuniko, vumbi lisiziharibu. Kitabu cha C++ kilikuwa kimoja, kinene, kimetoka kwa mjomba wake Nairobi. Siku ya pili nilikuta amekikata vipande vinne kwa kisu cha kukatia mikanda.

"Kitabu kimoja kwa watu wawili hakitoshi," alisema. "Vinne kwa watu wawili vinabaki."

Tukawa tunabadilishana vipande. Programu tukishaiandika ilibidi mashine iitafsiri kabla haijafanya kazi, na hiyo ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai na kula chevda, vitafunwa vya kukaanga vya mama yake. Siku hizi nyinyi mnabonyeza na jibu limeshakuja. Siwaonei wivu. Mambo mengi niliyoyajua kumhusu Jayesh niliyajua tukisubiri mashine: kwamba aliogopa radi, kwamba hakutaka kurithi duka, kwamba alikuwa akihesabu kwa Kisukuma akiwa peke yake.

Kwa msiojua kazi yetu, nieleze kidogo. C++ na Java ni ndugu. Zote mbili zinajenga mambo kwa vitu. Kwanza unaeleza aina ya kitu, tuseme Mfanyakazi: ana baba fulani, kijiji fulani, yuko kazini au hayuko. Kisha unaumba wafanyakazi wa aina hiyo, mia ukitaka, kila mmoja na yake. Tofauti iko kwenye kutunza nyumba. Katika C++, kila kitu unachokiumba kwa kuomba nafasi kwenye mashine, nafasi hiyo uirudishe mwenyewe ukimaliza. Usiporudisha, mashine inajaa polepole mpaka inaganda. Ukirudisha mapema, unajikuta unaongea na mtu aliyeshahama.

Jayesh alinieleza hilo kwa namna yake. "Milembe, umeona mashimo ya wachimbaji huko Geita? Mtu anachimba, akikosa dhahabu anahama. Shimo linabaki wazi. Mvua ikinyesha ng'ombe wa watu anatumbukia. Kwa hiyo wewe ukichimba, fukia."

Akawa analiandika neno hilo kwenye programu zake, pembeni ya kila mstari unaorudisha nafasi. Fukia. Na mimi nikaliandika kwenye zangu.

Miaka michache baadaye tulipata kazi pamoja kwenye mgodi mmoja wa chini kwa chini, huko Kahama, upande wa Bulyanhulu. Si ule mnaoufikiria. Wetu ulikuwa mdogo, na sasa haupo, kwa hiyo jina lake halina haja. Mimi niliajiriwa kukaa palepale, na Jayesh akawa anakuja kwa mkataba, wiki mbili yupo, wiki mbili yuko dukani kwao. Walitaka programu ya kuhesabu watu walio chini, ili baruti isilipuliwe mtu akiwa humo.

Hesabu hiyo ilikuwapo tayari. Ilikuwa ubao, na mwenye ubao alikuwa Mzee Machibya.

Ubao wenyewe ulikuwa mlangoni mwa mgodi, upande mmoja umepakwa rangi nyeupe na mwingine nyekundu, pande zote zina misumari. Kila mchimbaji alikuwa na kibati chake cha shaba chenye namba. Akishuka, anakitoa kwenye nyeupe anakitundika kwenye nyekundu. Akipanda, anakirudisha. Mwiko ulikuwa mmoja: kibati cha mtu hagusi mtu mwingine, hata ndugu yake, hata nyapara. Jioni nyekundu ikiwa tupu, Mzee Machibya anatoa ufunguo wa sanduku la kulipulia na kumpa fundi baruti. Ufunguo huo ulikaa mfuko wa shati lake, mfuko wenye kifungo.

Siku yangu ya kwanza pale nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia nimekuja kutengeneza ubao wa umeme.

"Vizuri, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Na umeme ukikatika?"

Nikamweleza habari za betri. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akarudi kunyoosha msumari uliopinda.

Tuliandika programu ile kwa C++, mimi na Jayesh, mezani bega kwa bega, na nikisema kwamba sijawahi kufurahia kazi tena kwa kiasi kile msidhani natia chumvi. Karani wa mlangoni aliingiza namba ya kila anayeshuka na anayepanda. Jioni nilichapa karatasi yenye hesabu: waliobaki chini, sifuri. Tuliweka hata kitufe tulichokiita Ndugu. Mnajua kwetu mtu akipata kazi, wiki ya pili anamleta mdogo wake. Jina la baba ni lile lile, kijiji kile kile, mtu wa kuitwa likitokea la kutokea ni mama yule yule. Kwa nini karani aandike yote upya? Anabonyeza Ndugu, programu inamnakili aliyepo, yeye anaongeza jina na namba tu.

Programu ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na tundu. Kila baada ya siku tatu au nne mashine iliganda, tukaizima na kuiwasha. Mahali fulani tulikuwa tumechimba hatukufukia. Tulitafuta miezi miwili. Tulisoma mistari yote kwa sauti, yeye mmoja, mimi mmoja, wala hatukuona kitu.

Hapo ndipo nilipopelekwa Dar es Salaam kwenye mafunzo, na huko nikakutana na Java. Ilikuwa lugha changa bado. Katika Java hufukii kitu. Kuna mfagiaji ndani yake: kitu kisichoshikwa na mtu yeyote, anakuja mwenyewe anakiondoa. Nilirudi Kahama na disketi kwenye pochi nikiwa na furaha ya mtu aliyepata uchumba. Nilimwambia Jayesh tuiandike programu yote upya.

"Hiyo ni lugha yenye yaya," akasema. "Mtu mzima unafuatwa nyuma na yaya anakuokotea."

"Na yako ni shimo lisilo na ngazi."

"Tulitafute tundu, Milembe. Tukilikimbia hatutajua lilikuwa wapi."

"Miezi miwili, Jayesh. Watu wako chini na mashine inaganda."

Tulibishana wiki nzima, mezani, kwenye chakula, kwa simu alipokuwa kwao. Mzee Machibya, aliyekuwa akisikia jina tu, alinivuta pembeni akaniambia kwa upole kwamba kama huyo Java anatugombanisha ni bora aondoke yeye, wanawake wengine wana tabia hiyo. Nilicheka hadi machozi. Jayesh naye nilipomsimulia alicheka, na kwa siku moja tukawa kama zamani.

Lakini nilikwenda kwa meneja na nikashinda. Java yangu ilikuwa na maelezo mazuri, na tundu lake Jayesh halikuwa na jibu. Meneja akaona kama mimi naweza kuiandika peke yangu, mkataba wa mtu wa pili wa nini. Hilo sikuliomba. Wala sikulipinga, na tofauti ya hayo mawili nimeipima miaka mingi bila kuiona. Jayesh alipofungasha aliniachia kipande cha nne cha kitabu, kile chenye faharasa, akasema yeye hana kazi nacho. Hakununa. Angenuna ingekuwa nafuu kwangu.

Niliandika Java kwa miezi mitatu. Mashine haikuganda hata mara moja. Majina ya zamani yaliingia kutoka kwenye disketi, moja moja, bila shida. Nikaandika utaratibu mpya, nikapeleka kwa meneja akausaini: karatasi ikionyesha sifuri, ufunguo unatolewa. Na nikaandika barua ya kushauri ubao uondolewe, Mzee Machibya ahamishiwe getini. Ubao ulikuwa ung'olewe Jumatatu.

Wiki hiyo waliajiriwa mapacha kutoka Kharumwa, Kulwa na Doto. Walikuwa wa kwanza kuingizwa kwa kitufe cha Ndugu tangu nibadilishe lugha. Walifanana kiasi kwamba hata karani alikuwa akiwatambua kwa viatu. Walishuka pamoja, wakapanda pamoja, siku tatu, na hesabu ikawa sawa kila siku.

Alhamisi nilichapa karatasi kama kawaida, saa kumi na moja kasoro. Chini: sifuri. Nikatembea nayo mpaka mlangoni. Fundi baruti alikuwa amesimama anasubiri ufunguo, nyapara wa shifti naye yupo. Mzee Machibya aliitazama karatasi, akageuka akautazama ubao. Upande mwekundu kulikuwa na kibati kimoja.

"Mzee, karatasi inasema hakuna mtu," nikamwambia.

"Naiona. Na hiki?"

"Amesahau kukirudisha."

"Ni hao mapacha," nyapara akadakia. "Kulwa nimemwona kwa macho yangu anakwenda kuoga. Watakuwa wamechanganya vibati vyao, watoto hao wenyewe hawajijui nani ni nani." Fundi baruti akacheka.

Mzee Machibya hakucheka. "Mapacha wana vibati viwili," akasema. "Mama yao angezaa mmoja, ningempa kimoja."

"Mzee, mashine haisahau."

"Sijasema imesahau, mayu. Nauliza, imemwona Doto akitoka?"

"Imeandika ametoka."

"Mimi sijamwona."

Meneja alikuwa akiita kwenye redio kuuliza kuna nini. Fundi baruti alinitazama mimi, kwa sababu utaratibu ulikuwa wangu. Nikasema, "Mzee, toa ufunguo." Nimeandika hapa mlisome. Maneno hayo niliyasema mimi, kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu.

Mzee Machibya akakifunga kifungo cha mfuko wake, ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. "Andika barua nifukuzwe," akasema. "Barua utaandika wewe, unajua kuandika. Lakini kwanza niitieni Kulwa."

Kulwa akaja na povu masikioni, kanga ya kuogea kiunoni. Akaulizwa mwenzake yuko wapi. Akatazama huku na huku kama mtu aliyeulizwa mkono wake wa kushoto.

"Si ametoka?" akasema. "Aliniambia tangulia, namalizia kufunga pampu ya maji." Halafu akaangalia ubao, akaona namba. Kulwa alianza kukimbilia mlango wa mgodi na ile kanga, wakamshika wawili.

Nyapara alishuka na mtu mmoja, wakiwa na taa. Mimi nilibaki pale na karatasi yangu mkononi. Muda waliokaa chini sikuupima, ingawa saa nilikuwa nayo. Nilikuwa najiambia kwamba hakuna kilicholipuka, hakuna kilicholipuka, nikiwa nimekaa chini kwenye mawe. Mzee Machibya alisimama kando ya ubao na kiganja juu ya mfuko.

Walipanda watatu. Doto alikuwa amejaa tope mpaka nyusi. Pampu ilikuwa na kelele hakusikia king'ora, na alikuwa kwenye kichochoro mita chache kutoka mahali palipopangwa baruti. Alituona tumesimama wote tunamtazama, akadhani ameharibu kitu.

"Pampu nimeifunga," akasema. "Inafanya kazi."

Akaenda kwenye ubao, akatoa kibati chake kwenye nyekundu, akakifuta tope kwa kidole, akakitundika kwenye nyeupe. Ndipo Mzee Machibya akafungua mfuko.

Nilikwenda ofisini nikapiga simu dukani Shinyanga. Ilikuwa saa moja jioni, wanakaribia kufunga. Aliyepokea alikuwa yeye. Nikamweleza yote kwa haraka, pamoja na maneno niliyomwambia mzee, kwa kuwa nilitaka mtu mmoja duniani ayasikie kutoka kwangu kabla ya kuyasikia kwa wengine.

"Mtoto mzima?" akauliza.

"Mzima. Anakula ugali."

"Haya. Nisomee kitufe cha Ndugu."

Nikafungua, nikamsomea mstari kwa mstari, kama tulivyokuwa tukifanya tukitafuta tundu. Kulikuwa na mstari mmoja unaosema huyu mpya awe sawa na yule wa zamani. Aliniambia niurudie. Nikaurudia.

"Milembe, hapo hujaumba mtu," akasema. "Umempa Kulwa jina la pili."

Nikaona pale pale. Katika C++, ukisema huyu awe sawa na yule, mashine inakutengenezea mtu mwingine mwenye habari zile zile na mwili wake mwenyewe. Katika Java, maneno hayo hayo, herufi kwa herufi, hayatengenezi mtu. Yanaweka namba ya pili kwenye mlango wa nyumba ya mtu yule yule. Kwenye orodha yangu kulikuwa na majina mawili na vibati viwili, na nyuma yao kitu kimoja. Kulwa akipanda, Doto naye amepanda. Nilikuwa nimeuhamisha mstari ule kutoka lugha moja kwenda nyingine kama ulivyo, kwa kuwa ulionekana sawa na kwa kuwa tuliuandika pamoja.

Nikasubiri aseme neno kuhusu yaya. Nilikuwa nimestahili.

"Hilo si kosa la Java," akasema. "Umeandika Java kwa lafudhi ya C++. Mimi bibi yangu alikuwa akisema Kigujarati changu kinanuka maziwa ya Wasukuma. Lafudhi haiponi, Milembe. Ujue tu kwamba unayo."

Yeye akaendelea, kwa sauti ya chini kidogo. "Na lile tundu nililiona. Ni langu. Kila karatasi ya jioni tuliyochapa niliichimbia shimo, sikufukia hata moja."

"Uliliona lini?"

"Wiki niliyoondoka. Kwenye basi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshaanza ya kwako," akasema. "Na ulikuwa na furaha."

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Machibya mbele ya fundi baruti na nyapara wale wale, nikaomba radhi. Alinisikiliza akiwa ananyoosha msumari. "Wabeja, mayu," akasema, yaani asante, kisha akaniuliza kama yule Java ameshafukuzwa. Nikamwambia hapana, kosa lilikuwa langu. Akasema basi na yeye apewe nafasi ya pili. Barua ya kuuondoa ubao niliifuta, nikaandika utaratibu mwingine: karatasi na ubao vikubaliane, la sivyo ufunguo hautoki. Ubao ulikaa mpaka mgodi ulipofungwa. Mnaponilaumu kwamba kila mfumo ninaowajengea lazima uwe na daftari la mkono pembeni, chanzo chake ni hapo.

Mwaka haukuisha, baba yake Jayesh akaugua, duka likauzwa, na familia ikaamua kwenda ng'ambo kwa kaka yake mkubwa. Nilipanda basi hadi Shinyanga kumuaga. Njia nzima nilikuwa na maneno mawili ya kumwambia. La kwanza lilikuwa kwamba nilipaswa kumwambia meneja, bila Jayesh siandiki. La pili nadhani mmeshalijua, na Rehema najua amelijua tangu chumba cha nyuma cha duka.

Nilimkuta anafunga maboksi. Rafu zilikuwa tupu na ukutani kulikuwa na alama za mikanda. Nilisema la kwanza. Aliniambia angekuwa yeye angefanya vile vile, jambo ambalo halikuwa kweli. Nilipotaka kusema la pili mama yake alituletea chai na chevda, akakaa nasi, na macho yake yalikuwa mekundu. Nikanywa chai. Nikamtakia safari njema. Jayesh alinipa lile kopo la samli, likiwa na disketi zake zote ndani.

Nilimpenda. Leo ni mtu mzima nimestaafu, naweza kuandika bila kuona haya. Niliolewa baadaye, nikapata Kabula na wadogo zake, na marehemu baba Kabula habari hii aliijua yote. Alisema hawezi kumwonea wivu mtu aliyeshindwa na kikombe cha chai. Barua za Jayesh zilikuja mbili, moja ya kuilalamikia baridi ya huko na moja ya msiba wa baba yake. Nilijibu zote. Ya tatu haikuja, na sijui kama yu hai. Lile kopo ninalo. Mashine ya kusoma disketi zile haipatikani tena hapa Kahama.

Baada ya yeye kuondoka ndipo nilipoanza ule mstari. Java haiuhitaji; mfagiaji angekuja hata bila mimi kumwita. Mwisho wa kila programu nilichukua kitu cha mwisho nilichokiumba, nikakiachia kwa mkono, nikaandika pembeni fukia. Ilikuwa namna yangu ya kuaga kwa lugha aliyonifundisha. Na nikiri jambo la kijinga: miaka mingi nilidhani labda siku moja programu yangu itafika mezani kwake huko aliko, ataona neno hilo na atajua ni nani.

Jibu lako ni hilo, Rehema. Mkitaka ifuteni mistari yote, programu zitakwenda vile vile.

Nilikuwa nimemaliza kuandika hapo. Lakini juzi Rehema, kabla hajasoma haya, alinitumia programu yake mpya ya wauguzi wa zamu, akaniomba niikague kwa jicho la mwisho. Ni safi kuliko zangu. Nikaisoma hadi chini, na chini kabisa nikakuta mstari unaoachia kitu kwa mkono, mstari usio na kazi yoyote, na pembeni yake: fukia.

Nikampigia kumuuliza, si wewe uliyesema mstari huu hauna maana?

"Hauna, Mama Kabula," akasema. "Lakini nisipouandika naona kama sijamaliza. Niufute?"

Nikausoma tena ule mstari, mpaka kwenye lile neno.

"Uache," nikamwambia.